Programu ya kutredi fyucha: kabla hujalipa, piga hesabu ya tiki, kisha uliza stopu yako inalala wapi

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki napata ujumbe wa faragha wenye swali lile lile: "Mkuu, kati ya NinjaTrader, Sierra Chart na TradingView, ipi nzuri?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niweke yote hapa, kila mtu asome na anayejua zaidi aongeze. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Mimi fyucha (mkataba wa kununua au kuuza kitu siku za mbele kwa bei iliyopangwa leo) nilikutana nayo kwenye kahawa. Nilikuwa ofisi ya ushirika kule Kilimanjaro, na kila asubuhi ya mnada wa Moshi kulikuwa na bei ya New York imeandikwa ubaoni kwa chaki. Wakulima walikuwa wanaitazama ile namba kama wanavyotazama mawingu. Nikataka kujua inatoka wapi. Nikagundua mkataba mmoja wa arabika kwenye soko la ICE ni ratili 37,500, yaani bei ikisogea senti moja tu kwa ratili, umepata au umepoteza dola 375. Kwa mshahara wangu wa wakati ule hapo sipaingii. Nikahamia kwenye mikataba midogo ya CME, soko kubwa la fyucha la Chicago, hasa MES, ile ndogo ya fahirisi ya S&P 500 (kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani), iliyoanza Mei 2019. Pointi moja ni dola 5, na tiki, hatua ndogo kabisa ya bei, ambayo ni robo pointi, ni dola 1.25. Hesabu zangu zote humu nitazifanya kwa MES kwa sababu ndiyo wengi wetu tunaimudu.

Sasa gharama. Watu wakisema "programu ya bure" wanaangalia leseni peke yake. Leseni ni kipande kimoja. Kuna data ya soko, kuna kamisheni ya broka, kuna ada ya soko lenyewe, na kuna makato ya kadi unapolipa kwa dola kutoka kwenye shilingi. Hiyo ya mwisho huwa haitajwi na mtu, lakini mwisho wa mwaka unaiona.

Chukua mfano. Unafanya biashara nne kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Hizo ni biashara 80, na kila moja ina kuingia na kutoka, kwa hiyo oda 160. Tuseme mpango wa bure wa broka unakata kamisheni senti 25 zaidi kwa kila upande kuliko mpango wa kulipia. Senti 25 mara 160 ni dola 40. Kama mpango wa kulipia ni dola 99 kwa mwezi, umetoa 99 ili kuokoa 40. Ili urudishe hiyo 99 unahitaji oda 396 kwa mwezi, karibu biashara 200. Ukichukua leseni ya kudumu ya dola 1,499 kwa kuokoa hiyo hiyo 40, itajilipa baada ya miezi 37 na nusu. Jiulize kwa dhati kama akaunti yako itakuwa hai miaka mitatu ijayo. Kwa mtu anayeanza, mpango wa bure ndio wa kwake, na ahame siku ambayo idadi ya oda zake yenyewe imemwambia ahame.

Upande wa data, CME Group ni masoko manne chini ya paa moja: CME, CBOT, NYMEX na COMEX. Unaweza kulipia moja. Kama unatredi MES peke yake, huhitaji data ya mafuta ya NYMEX wala dhahabu ya COMEX. Nimeona watu wanalipia kifurushi kizima chenye kina chote cha oda (oda zote zinazosubiri kwa kila bei) na hawajawahi kufungua chati ya mahindi. Pia jibu maswali ya fomu ya data kwa ukweli. Ukijaza ovyo ukawekwa kundi la "mtaalamu wa kazi" badala ya mtu binafsi, ada inaruka kutoka dola chache hadi zaidi ya dola 100 kwa kila soko, kila mwezi.

Nyuma ya programu kuna mtu wa tatu ambaye wengi hawamjui: mkondo wa data na oda. Rithmic na CQG ndio wanaosikika zaidi. Programu unayoiona ni kioo, bomba ni hao. Programu moja ikiunganishwa kwenye bomba tofauti inakuwa na tabia tofauti, ndiyo maana utasoma humu mtu mmoja anaisifia, mwingine anailaani, na wote wawili wanasema kweli.

Tuje kwenye kasi, maana hapa ndipo watu wanapotupa pesa.

Mashine za CME ziko Aurora, jimbo la Illinois, nje kidogo ya Chicago. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 13,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake, hata nyaya zingenyooka kama rula, ni milisekunde 130. Nyaya hazinyooki, zinazunguka bahari na kupita vituo vingi. Nilikaa nikapima oda zangu 50 kwa faiba ya nyumbani, tangu nibonyeze mpaka soko lithibitishe. Nyingi ziliangukia kati ya milisekunde 230 na 260. Kwa bando la simu wakati wa jioni zilipanda hadi 400 na kuendelea.

Sasa programu A inachakata oda kwa milisekunde 2 na programu B kwa milisekunde 10. Hiyo tofauti ya 8 ina maana gani kwako wewe wa Tabata, wakati safari peke yake inakula 240? Haina maana. Anayekuuzia programu kwa hoja ya milisekunde anamuuzia mtu aliyeko Aurora.

Kasi ambayo wewe utaihisi ni nyingine kabisa. Ni ile ya saa 10 na nusu jioni (saa 11 na nusu Wamarekani wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba), soko la hisa la Marekani linapofunguliwa na bei zinamiminika. Hapo laptopu yenye RAM ya GB 8, chati sita zimefunguliwa, viashiria vitatu kila chati, inaanza kusuasua. Bei unayoiona kwenye kioo imeshapitwa sekunde mbili nyuma. Wewe unanunua ya jana. Hiyo ndiyo kasi ya kuilipia au kuitafutia dawa, na mara nyingi dawa ni kufunga chati nne kati ya sita.

Pima kwa tiki, usipime kwa hisia. Tiki moja ya kuteleza kwa bei katika kila biashara, mara biashara 80, ni dola 100 kwa mwezi. Sawasawa na ile leseni ya 99. Andika bei uliyotaka na bei uliyopata kwa biashara 50. Kama unateleza, angalia kwanza aina ya oda unayotumia na saa unayoingia. Mimi nilipoacha kuingia kwa oda ya soko (nunua sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo) ndani ya dakika tano za kwanza, kuteleza kulipungua zaidi ya nusu, bila kubadilisha programu wala kuongeza senti.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike uzi huu.

Jioni moja nilinunua MES mbili. Stopu (oda ya kunitoa bei ikinigeuka) pointi 8 chini, lengo la faida pointi 20 juu, na nikawasha ile stopu inayofuata bei. Bei ikapanda pointi 14. Nikawa mbele kwa dola 140, na stopu ilishapanda, kwenye kioo inaonekana kabisa, pointi 6 za faida. Umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imechoka siku nyingi, ikazima palepale, na ruta ikazima. Nikakaa kwa utulivu kabisa, kwa sababu akilini mwangu stopu iko sokoni. Mwanangu alikuwa anamalizia hesabu zake za shule kwa taa ya simu yangu, simkatishi.

Umeme umerudi saa 4 usiku. Nawasha, nakuta nimeuza mikataba miwili ambayo sijawahi kuiuza.

Kilichotokea ni hiki. Kule kupanda kwa stopu kulikuwa kunachorwa na laptopu yangu. Programu ile ilikuwa inatuma badiliko sokoni kwa vipindi, na hakuna badiliko hata moja lililokuwa limefika. Sokoni stopu ilikuwa bado ipo pointi 8 chini. Bei ilishuka ikaigonga: hasara dola 80. Halafu lile lengo la faida, ambalo lilipaswa kufutwa stopu ikigongwa, halikufutwa, kwa sababu anayefuta ni laptopu, na laptopu imelala. Bei ikageuka, ikapanda, ikagonga lengo, ikaniuzia mikataba miwili mipya. Mpaka nawasha, bei ilikuwa pointi 9 juu ya hapo. Dola nyingine 90. Jumla 170 mfukoni zimetoka, mahali ambapo ningetoka na faida ya 60. Mke wangu aliniuliza kuna nini, nikashindwa kueleza.

Jina la programu silitaji. Kwenye maelekezo yao ilikuwa imeandikwa, nilikuwa sijasoma. Lakini tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni moja: stopu inalala wapi, na nani anayefuta oda ya pili wakati mimi nimezimika? Kuna jozi za oda (stopu na lengo lake) zinazotunzwa kwenye seva ya broka au ya mkondo, na kuna zinazotunzwa kwenye kompyuta yako. Stopu ya kawaida ikishafika CME inakaa CME hata umeme ukikatika kwako, mradi muda wa oda yenyewe haujaisha. Ila kuisogeza na kuioanisha na lengo ni kazi ya mtu mwingine, na lazima ujue ni nani. Kwa nchi zetu hizi, huo ndio ubora ninaoulipia kabla ya chati nzuri.

Na si umeme tu. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ikayumba nchi nzima na kwa majirani. Ilikuwa Jumapili, soko limefungwa. Ingekuwa Jumatano jioni, kuna akaunti zingeisha.

Kuhusu programu zenyewe, kwa ufupi nilichoona:

NinjaTrader inaanzia bure, ile ya kompyuta inakaa kwenye Windows, ukitaka kuandika mkakati wako unatumia C#. Jamii yake ni kubwa, ukikwama unapata jibu siku hiyo hiyo. Ukiijaza viashiria inakula RAM sana.

Sierra Chart imeandikwa kwa C++, na inaonekana. Kwenye laptopu ile ile iliyokuwa inasuasua, hii ilifungua data ya tiki ya miezi bila kutoa jasho. Hailipiwi pesa nyingi kwa mwezi. Sura yake ni ya zamani na mipangilio ni mingi, wiki mbili za kwanza utaichukia. Lakini inakuuliza wazi jozi za oda zako ziwe kwenye seva au kwako. Ndiyo ninayotumia sasa.

TradingView ni ya kusomea chati, na kwa hilo naipenda. Ila usiingie oda ukiwa unaangalia bei za CME ambazo hujalipia, maana zinachelewa dakika 10. Angalia alama ndogo pembeni ya jina la mkataba.

TWS ya Interactive Brokers haina ada ya leseni, na ni mlango wa masoko mengi duniani. Mkondo wake wa kawaida wa bei unakusanya mabadiliko na kuyatuma mara chache kwa sekunde, sio kila tiki. Kwa anayeshikilia siku mbili tatu haina shida. Kwa anayesoma mtiririko wa oda, haimfai.

Na kwa wanaodhani jina kubwa ni kinga: Aprili 20, 2020 mkataba wa Mei wa mafuta ghafi ya WTI ulifungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri. CME walikuwa wameshatangaza kwamba bei hasi zinawezekana. Mifumo ya Interactive Brokers haikuwa tayari, wateja wakashindwa kuweka oda kwa bei hasi wakati mikataba inawamaliza. Mwaka 2021 msimamizi wa soko, CFTC, aliwaamuru walipe faini dola milioni 1.75 na kuwarudishia wateja dola milioni 82.57. Programu ni watu waliokaa wakafikiria mambo yatakayotokea. Wakisahau moja, unalilipia wewe.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu ubarikiwe, haya ni madini matupu. Swali: mimi natumia programu ya MT5 bure, ina US500 na dhahabu, spredi ndogo, sijawahi kulipia data. Kwa nini nihame?

Mleta uzi

Mkuu, sijasema uhame, ila ujue ulichonacho. Hiyo US500 kwa mabroka wengi wanaotuhudumia huku ni CFD, mkataba kati yako na broka. Bei anakupa yeye. Ndiyo maana data ni "bure", gharama iko ndani ya spredi, lile pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. MT5 yenyewe inaweza kuunganishwa na soko halisi, lakini wengi hatujaunganishwa huko. Kipimo rahisi: angalia ile volumu. Kwenye CFD mara nyingi inahesabu mara ngapi bei imebadilika, sio mikataba mingapi imeuzwa. Kwenye MES mimi na wewe tukilinganisha dakika ile ile tukiwa na mabroka tofauti, tunaona volumu moja. Kama mkakati wako unategemea volumu, hapo kuna tofauti ya mbingu na ardhi. Kama hautegemei, piga hesabu ya spredi kwa mwezi uiweke kando ya kamisheni, uamue.

Mchangiaji, Nairobi

Na sisi wa NSE, soko la hisa la Nairobi? Ile NEXT, soko lake la fyucha, ilianza Julai 2019 na fyucha za Safaricom, KCB na fahirisi ya NSE 25. Hizi programu zinaingia?

Mleta uzi

Hapana ndugu, huko unapitia broka aliye mwanachama wa soko la Nairobi na unatumia mfumo wake. Usilipie leseni ya Chicago kwa kazi ya Nairobi.

Mchangiaji, Dar

Kaka mimi nimelipia VPS (kompyuta ya kukodi) ya Chicago, nabonyeza kutoka Mbezi. Nimeondoa milisekunde 240 au sijaondoa?

Mleta uzi

Hujaondoa kaka. Picha ya kioo inasafiri kutoka Chicago kuja kwako, halafu kidole chako kinasafiri kurudi. Safari ni ile ile, imebadilika tu kinachosafiri. VPS inakusaidia kwa mambo mawili. Kama mkakati unajiendesha wenyewe, hapo oda inatoka jirani na soko. Na kama umeme ukikatika Mbezi, programu inaendelea kuwa hai kule, stopu inaendelea kupanda na jozi zinafutwa. Kwa sababu ya pili peke yake mimi ningeilipia kabla sijalipia leseni kubwa. Lakini weka pia programu ya broka wako kwenye simu, maana hata kule mambo hutokea. Novemba 2025 mfumo wa kupoza wa kituo cha data cha Aurora uliharibika na CME nzima ikasimama kwa saa nyingi.

Mchangiaji, Arusha

Shikamoo mkubwa. Mimi ni mgeni kabisa, nipo kwenye demo. Hilo la stopu nalijaribuje bila kuchoma pesa?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Hakikisha kwanza demo yako iko kwenye seva ya broka. Ile Sim101 ya ndani ya NinjaTrader inaishi kwenye kompyuta yako, ukizima nayo inazima, haitakufundisha kitu kwenye hili. Ukiwa na demo ya broka: nunua MES moja, weka stopu na lengo karibu karibu, pointi 3 kila upande. Ingia akaunti hiyo hiyo kwa simu, kwa bando la laini, uone oda zote mbili zinaonekana. Kisha chomoa ruta ya laptopu. Kaa na simu, subiri moja igongwe. Angalia ile nyingine imefutika au bado imening'inia. Rudia ukiwa umewasha stopu inayofuata bei, uone kama inaendelea kupanda wakati laptopu haina mtandao. Fanya mara tatu, jioni soko likiwa na kasi.

Mchangiaji, Arusha

Nimerudi mkubwa. Nimefanya jana na leo. Mara zote lengo limefutika stopu ilipogongwa, hata ruta ikiwa imechomolewa. Ila ile inayofuata bei ilisimama palepale nilipochomoa, bei ikapanda pointi 5 na yenyewe haikusogea. Nimewaandikia broka kuuliza kama wana ya kwenye seva.

Mleta uzi

Safi sana. Wakikujibu weka hapa na jina la mkondo unaotumia. Mpaka wakujibu, sogeza stopu kwa mkono, na ukisogeza thibitisha kwa simu kwamba imehama.